Kabla hujanunua pipa, uliza lilibeba nini

Ukipita kwa mafundi wa jua kali mjini Kitale au Bungoma, hutakosa kuona mapipa. Kuna ya chuma ya lita 200, kuna ya plastiki ya rangi ya samawati, na kuna yale matangi meupe ya lita 1,000 yaliyozungushiwa kichanja cha chuma. Wanunuzi ni wa kila aina. Huyu ana nyumba za kupangisha na anataka kuhifadhi maji. Yule ni mfugaji, anataka pipa likatwe katikati liwe hori la ng'ombe. Mwingine ana kibanda cha nyama choma na anatafuta jiko kubwa.

Swali la kwanza la mnunuzi karibu kila mara ni, "Hii unauza pesa ngapi?" La pili ni kama linavuja. Swali ambalo lingefaa kutangulia yote mawili halisikiki sana: lilibeba nini?

Swali hilo dogo ndilo msingi wa kazi kubwa ya usafirishaji wa mizigo duniani. Katika biashara hiyo, chombo kizito cha viwandani hakiainishwi kwa umbo wala rangi yake. Huainishwa kwa kilichomo ndani. Na hapa ndipo wengi hupigwa na butwaa: hata kikimwagwa kikabaki kitupu, bado huhesabiwa kuwa kimebeba mzigo ule ule, hadi kisafishwe ipasavyo.

Kwa kijana wa Trans Nzoia au Bungoma, kuielewa kanuni hii kuna faida mbili. Inaweza kumwokoa maisha, na inaweza kumpa kazi.

Miji ya njiani

Tazama ramani uone kwa nini mambo haya yanatuhusu. Bungoma na Webuye ziko kwenye barabara kuu ya kutoka Mombasa hadi mpaka wa Malaba, njia ambayo hubeba mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Congo. Reli ya zamani nayo inapita Webuye na Bungoma kuelekea Malaba. Kitale iko kwenye barabara inayotoka Webuye kuelekea Kapenguria, Lodwar na hatimaye Sudan Kusini.

Viwanda vya eneo hili pia vinatumia kemikali. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza uzalishaji miaka ya 1970, na kupika mbao hadi ziwe karatasi si kazi ya maji matupu. Viwanda vya sukari husafisha mitambo yao kwa kostiki soda. Viwanda vya maziwa huosha mabomba kwa kostiki soda na asidi. Wakulima wa mahindi nao hununua dawa za kuua wadudu na magugu kila msimu. Kemikali zote hizo huja ndani ya vyombo, na zikiisha vyombo hubaki.

Mnamo Juni 3, 2018, Rais Uhuru Kenyatta alizindua usafirishaji wa mafuta ghafi kwa malori kutoka Lokichar, Turkana, hadi Mombasa. Njia yao ilipitia Kapenguria, Kitale na Eldoret. Waliosimama kando ya barabara waliona trela zenye matangi yaliyofungwa ndani ya fremu ya chuma, kila fremu ikiwa na ukubwa wa kontena.

Matangi hayo hayakuchaguliwa ovyo. Mafuta ya Turkana yana nta nyingi, na yakipoa huganda. Tangi la kawaida lingefika Mombasa likiwa limejaa kitu kigumu kisichotoka. Ndiyo maana yalitumika matangi yenye kuta za kuzuia joto lisipotee. Mnamo Agosti 2019 meli ya kwanza iliondoka Mombasa ikiwa na zaidi ya mapipa 200,000 ya mafuta hayo.

Kwa njia, "pipa" la mafuta linalotajwa kwenye habari ni kipimo tu cha lita 159. Pipa la chuma unaloliona kwa fundi hubeba zaidi ya lita 200. Muundo wa pipa hilo la chuma ulipewa hataza nchini Marekani mwaka wa 1905, katika kampuni iliyosimamiwa na Nellie Bly, yule mwanahabari aliyezunguka dunia kwa siku 72.

Makundi tisa

Umoja wa Mataifa una mwongozo wa kusafirisha bidhaa hatari, uliotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1956 na ambao hurekebishwa kila baada ya miaka miwili. Mwongozo huo hugawa bidhaa hizo katika makundi tisa.

Kundi la 1 ni vilipuzi. La 2 ni gesi, ikiwemo ile ya kupikia na oksijeni ya hospitali. La 3 ni vimiminika vinavyoshika moto, kama petroli, dizeli na ethanoli. La 4 ni vitu vigumu vinavyoshika moto kwa urahisi. La 5 ni vitu vinavyotoa oksijeni na kuchochea moto wa vitu vingine. Baadhi ya mbolea za naitreti zimo humo. La 6 ni sumu na vitu vya kuambukiza magonjwa. La 7 ni vitu vyenye mnururisho. La 8 ni vitu vinavyobabua, yaani asidi na kostiki soda. La 9 ni hatari nyinginezo ambazo hazikuingia kwingine.

Kila bidhaa pia ina namba yake ya tarakimu nne. Petroli ni 1203 na dizeli ni 1202. Mafuta ghafi kama yale ya Turkana ni 1267. Asidi ya salfa kali ni 1830. Namba hizo hazibadiliki kutoka nchi moja hadi nyingine. Askari wa zimamoto wa Kampala na karani wa bandari ya Mombasa wakiona 1830, wote wanajua wako na nini.

Halafu kuna stika zenye umbo la almasi. Nyekundu yenye mwali ni kitu cha kushika moto. Nyeupe yenye fuvu ni sumu. Ile iliyo nyeupe juu na nyeusi chini, yenye mchoro wa kimiminika kikidondokea mkono, ni kitu kinachobabua. Ya manjano yenye mwali juu ya duara ni kichochezi cha moto. Kwenye pipa, stika hiyo huwa na upana wa angalau sentimita 10. Kontena likisafirishwa kwa meli huwekwa almasi kubwa za sentimita 25 pande zote nne.

Unajifunza rangi hizi kwa jioni moja tu. Lakini kutozijali kumegharimu watu. Januari 31, 2009, lori la petroli lilianguka Sachang'wan, kwenye barabara hii hii inayokuja magharibi. Watu walikimbilia kuchota mafuta, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Almasi nyekundu maana yake ni kwamba cheche moja inatosha. Ukiiona kwenye lori lililoanguka, kimbia upande mwingine.

Pipa lina kitambulisho

Pipa halali la kubeba bidhaa hatari huwa na maandishi yaliyogongwa au kuchapishwa mwilini mwake. Kwa asiyejua ni kama namba za bahati nasibu. Kwa anayejua, ni kitambulisho.

Chukua mfano wa pipa lililoandikwa 1A1/Y1.4/150/24. Ile 1 ya kwanza inasema hili ni pipa. A inasema ni la chuma. Lingekuwa la plastiki ingekuwa H. Ile 1 ya pili inasema sehemu ya juu haifunguki, ina vizibo vidogo tu. Kama mfuniko wote ungefunguka, ingekuwa 2. Y inasema pipa linafaa kwa bidhaa za hatari ya wastani na ya chini. X ingemaanisha linafaa hata kwa hatari kubwa, na Z kwa hatari ndogo peke yake. 150 ni shinikizo ambalo pipa lilipimwa kwalo. 24 ni mwaka wa kutengenezwa, yaani 2024.

Tumebakisha ile 1.4, na hapo ndipo watu hukosea. Inamaanisha pipa hilo limeidhinishwa kwa kimiminika chenye uzito usiozidi mara 1.4 ya maji. Maji ya lita 200 yana kilo 200. Asidi ya salfa kali ina uzito wa takriban mara 1.84 ya maji, kwa hivyo lita 200 zake zinakaribia kilo 370. Ukiijaza kwenye pipa la 1.4, umelibebesha mzigo ambao halikupimwa kuubeba. Unahitaji pipa lililoandikwa 1.9, tena la malighafi isiyoliwa na asidi hiyo.

Mapipa ya plastiki yana jambo jingine. Kwa kubeba bidhaa hatari, muda wake kwa kawaida ni miaka mitano tangu yatengenezwe, na yale matangi ya lita 1,000 pia hukaguliwa kila baada ya miaka miwili na nusu. Plastiki huchoka kwa jua na kwa kemikali. Pipa linaweza kung'aa kwa nje kumbe ndani limeshaanza kupasuka.

Tupu si tupu

Turudi kwa fundi wetu. Pipa limefika kwake "tupu", na mteja anataka likatwe katikati. Fundi anawasha grainda au gesi ya kuchomelea.

Petroli haihitaji kuwa nyingi ili ilipuke. Mvuke wake ukifika takriban asilimia 1.4 ya hewa iliyo ndani, unatosha. Kwa pipa la lita 200, hicho ni kiasi cha kijiko kimoja cha mezani cha petroli kilichogeuka mvuke. Kijiko kimoja hukioni ukichungulia kwenye tundu la kizibo. Kinaweza kuwa kimejificha kwenye mshono wa chini. Ndiyo maana pipa lililojaa petroli pomoni linaweza kuwa na mvuke mchache kuliko lile linaloitwa tupu.

Kwa hivyo kanuni za usafirishaji haziyumbi. Pipa tupu ambalo halijasafishwa hufungwa vizibo kama lililojaa, hubaki na stika zake, na kwenye karatasi za mzigo huandikwa kwamba ni tupu na halijasafishwa. Kubandua stika kabla ya kuosha ni kosa, kwa sababu unamfichia mwenzako hatari. Likishasafishwa na hatari kuisha, hapo ndipo stika huondolewa.

Kuosha nako si kumwaga maji na sabuni mara moja. Kwa vibuyu vya dawa za shambani, utaratibu ni kusuuza mara tatu: tia maji, funga, tikisa, kisha mimina maji hayo ndani ya bomba la kunyunyizia ili yaende shambani pamoja na dawa. Baada ya mara ya tatu, toboa chombo kisitumike tena.

Kwa nini kitobolewe na kimeshasuuzwa? Kwa sababu plastiki hunywa kemikali. Kiasi fulani huingia ndani ya kuta zake na kutoka polepole baadaye. Pipa lililobeba dawa ya kuua magugu halioshwi likawa la maji ya kunywa, la busaa, wala la maziwa. Halina harufu, sawa. Lakini pua si maabara.

Ukitaka pipa la maji, tafuta lililobeba chakula: mafuta ya kupikia, sharubati au juisi nzito, na lenye lebo yake ya asili inayosomeka. Mapipa na matangi yaliyotengenezwa kwa chakula mara nyingi huwa na alama ya glasi na uma. Lakini alama hiyo inasema pipa lilitengenezwa kwa ajili ya nini, haisemi lilitumiwa kwa nini baadaye. Muuzaji akishindwa kukuambia lilikotoka, lipeleke kwenye kazi nyingine au liache hapo hapo. Bei ya kutupa huwa na sababu.

Kupanga mzigo

Tuseme sasa una mapipa yaliyojazwa bidhaa na yanatakiwa kusafiri. Kazi huanza kabla ya lori kufika.

Kwanza, pipa la kimiminika halijazwi hadi ukingoni. Kimiminika hupanuka kikipata joto, na kontena lililoachwa juani huwa kama tanuri. Kanuni ni kwamba hata joto likifika nyuzi 55, lazima ndani kubaki nafasi. Pili, vizibo hukazwa kwa kipimo, mpira wake ukiwa mzima. Tatu, stika za zamani zisizohusiana na mzigo huu hutolewa, na mpya hubandikwa.

Kisha mapipa hupangwa wima, vizibo vikiwa juu, kwa kawaida manne kwa kila paleti, na kufungwa kwa mikanda. Kontena la futi 20 huingia mapipa 80 kwa mpango huo, safu mbili. Nafasi zinazobaki hujazwa mbao au mito ya hewa, kwa sababu mzigo unaocheza ndani ya kontena unaweza kuliangusha lori kwenye kona.

Jambo la mwisho ni majirani. Kichochezi cha moto hakikai na petroli. Asidi haikai na dawa ya kung'arisha nguo, kwa kuwa zikichanganyika hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Sumu haikai na chakula. Sheria hii inavunjwa kila siku kwa njia ndogo: gunia la unga na kibuyu cha dawa ya mahindi ndani ya buti moja ya Probox, kutoka Kitale hadi Kiminini. Mwendo ni mfupi, lakini dawa ikimwagika haiulizi kilomita.

Mizani haina undugu

Mapipa 80 matupu ya chuma, kila moja likiwa na takriban kilo 20, yana tani moja na nusu hivi. Yakijazwa maji yanafika tani 17 na zaidi. Lakini nafasi yanayochukua ni ile ile. Ndiyo maana msafirishaji hutoza kwa uzito au kwa nafasi, kutegemea lipi ni kubwa. Ukimpigia simu useme tu "niko na mapipa 80", hajui akutoze nini. Mwambie yamebeba nini, yana kilo ngapi na yana ukubwa gani, naye atakupa bei ya kweli.

Uzito una sheria zake pia. Kontena huwa na bamba la chuma mlangoni linaloonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa. Kwa mengi ya sasa ni kilo 30,480 pamoja na kontena lenyewe. Tangu Julai 1, 2016, kontena lililopakiwa haliruhusiwi kuingia melini bila uzito wake kuthibitishwa. Barabarani, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori zima, na kila ekseli ina kiwango chake. Mzigo unaweza kuwa chini ya kikomo cha jumla lakini ekseli moja ikazidiwa kwa sababu mapipa yote yamerundikwa nyuma. Kwenye mizani ya Webuye, hilo ni kosa kama kosa jingine.

Kazi iko hapa

Katika mnyororo huu wote kuna nafasi za vijana, na si za dereva pekee. Kuna anayekagua na kusoma alama za vyombo. Kuna anayepanga na kufunga mzigo. Kuna karani anayeandika namba, kundi na uzito bila kukosea. Kuna wakala wa forodha kule Malaba. Dereva wa lori la mafuta naye huhitaji kibali kutoka kwa mamlaka ya kawi, EPRA, mbali na leseni ya kawaida. Anayebeba taka zenye sumu, yakiwemo mapipa machafu ya kemikali, huhitaji leseni ya NEMA.

Kwa mafundi, vyuo kama Kitale National Polytechnic na Sang'alo kule Bungoma hufundisha ufundi, na mtihani wa NITA unaweza kukupa cheti hata kama ulijifunzia kazi kibandani. Tofauti ya fundi anayekata pipa lolote linaloletwa na yule anayeuliza kwanza, akakataa lisilojulikana, ni kwamba wa pili kampuni inaweza kumwamini na mapipa yake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akueleze hatari za kemikali unazoshika na akupe vifaa vya kujikinga. Kwa hivyo ukiitwa kibarua cha kupakua mapipa kwenye godauni, una haki ya kuuliza yana nini kabla ya kunyanyua la kwanza. Akikujibu "wewe pakua tu", tafuta ile almasi mwenyewe. Ikiwa imebanduliwa na hakuna anayejua kilichomo, pesa za siku hiyo zisikutie tamaa. Kesho kutakuwa na lori jingine.